Mama yake hajanilipa, na fomu ya mtoto imo mkobani mwangu

Shikamoo Mama Mlezi,

Nina miaka 43, ni fundi cherehani, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Ni Mkatoliki, na huu ni mwaka wa tano nikiwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, majirani tunaosali pamoja nyumba hadi nyumba. Nakuandikia kwa sababu kuna karatasi moja imo mkobani mwangu siku ya 12 leo, na kila nikitafuta ufunguo wa nyumba mkono wangu unaigusa.

Nina jirani yangu, nitamwita Mama N. Tumesali naye jumuiya moja kwa miaka 11. Ndiye msimamizi wa ubatizo wa binti yangu wa kwanza. Nilipojifungua wa tatu kwa upasuaji, yeye ndiye aliyenifulia nguo za mtoto wiki tatu nzima, asubuhi kabla hajaenda sokoni. Nasema haya usije ukadhani namzungumzia mtu baki.

Mwaka juzi tuliingia kikoba kimoja hapa mtaani, watu 25, Waislamu na Wakristo. Kila Jumapili jioni tunanunua hisa, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mama N. alikopa shilingi 2,400,000 aongeze mtaji wa dagaa. Wadhamini tulikuwa wawili, mimi na Mama Z., mama wa Kiislamu tunayepakana naye ukuta. Mwaka jana mwezi wa nne mume wa Mama N. akapata ajali ya bodaboda, akavunjika paja. Mtaji wote ukaishia hospitali, marejesho yakasimama. Desemba tulipovunja kikoba, katiba ikafuatwa: deni lililobaki likakatwa kwenye hisa za wadhamini. Mimi 780,000, Mama Z. 780,000.

Hela ile ilikuwa ya bati. Tuna vyumba viwili tumepandisha ukuta, vinanyeshewa. Mume wangu hajui mpaka leo. Nilimwambia kugawana kumesogezwa hadi baada ya Pasaka. Pasaka imepita na ameanza kuuliza.

Tangu Desemba Mama N. hajakanyaga jumuiya. Sisi tunasali Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Zamu yake ilipofika tulikuta mlango umefungwa, tukasalia barazani kwa jirani. Nikipiga simu hapokei. Nikamwandikia kwenye kundi la WhatsApp la kikoba, kila mtu akaona, akajitoa kundini. Nilikuwa na daftari la kuandika deni lake. Nikajikuta naandika na mengine: tarehe fulani kanipita sokoni bila salamu, tarehe fulani nimemwona na kitenge kipya. Mama Z. yeye analipwa 20,000 kila mwezi tangu Januari. Mimi hata mia. Nadhani Mama N. amejiambia kwamba Mkristo mwenzake lazima atasamehe tu.

Sasa karatasi. Binti yake, miaka 14, amemaliza mafundisho ya sakramenti ya kipaimara. Parokiani kwetu fomu haipokelewi bila sahihi ya mwenyekiti na katibu wa jumuiya, kuthibitisha kwamba familia inashiriki. Mtoto aliileta mwenyewe jioni, bado amevaa sare za shule. Nikamwambia, "Iache hapo." Mwenyekiti alikuwa ameshasaini. Mwisho wa kurudisha ni Jumapili ya wiki ijayo.

Mwenyekiti ananiambia nisaini na nisamehe, Bwana amesema tupendane. Yeye hajapoteza kitu. Wanajumuiya wengine wanasema nikisaini kwa mtu ambaye hasali na sisi, kesho nani ataamka saa 12 kuja jumuiya?

Juzi tunaanika nguo, Mama Z. akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, ninyi mnaosali pamoja kila Jumamosi, mmeshindwa kukaa mkazungumza?" Usiku ule sikulala. Majuma machache nyuma tulisomewa kanisani: "Hivyo watu wote watatambua ya kuwa ninyi mmekuwa wanafunzi wangu, mkiwa na upendo ninyi kwa ninyi." Nikajiuliza, Mama Z. ametutambua kwa lipi?

Mama, je, upendo ni kunyamaza nikiwa nimedhulumiwa? Na nikisaini, nitakuwa nimesamehe, au nitakuwa nimeogopa watu?

Katibu, Mbagala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nafuatilia fomu ile tu: imetoka mikononi mwa mtoto ikaingia mkobani mwako, na imekaa humo siku 12 pamoja na funguo za nyumba. Umechoka, na una haki ya kuchoka. Shilingi 780,000 kwa mtu anayeshona ni magauni mengi na usiku mwingi. Sitakuambia kwamba ni kitu kidogo.

Kama nimekuelewa, una mambo matatu na yamefungwa kamba moja. Kuna fedha uliyoipoteza kwa kumdhamini rafiki. Kuna urafiki wa miaka 11 uliokatika bila neno. Na kuna sahihi ambayo wadhifa wako unakupa kuitoa au kuizuia. Kisha juu ya yote likaja lile neno la Injili, ukahisi kama unasutwa.

Nianze na hilo neno, kwa sababu naona mwenyekiti wako amelitumia kukufunga mdomo, na sidhani lilitolewa kwa kazi hiyo. Rudi usome Yohana sura ya 13 yote. Jioni ile Yesu alikuwa ameosha miguu ya watu 12. Somo mlilosomewa kanisani linaanza baada ya Yuda kutoka nje kwenda kumuuza. Mistari michache baada ya amri ya kupendana, Petro anaambiwa atamkana Bwana wake mara tatu kabla jogoo hajawika. Amri ile ilitolewa chumbani ambamo rafiki mmoja ameshasaliti na mwingine yuko njiani kukana. Yesu hakuyaficha, aliyasema mezani waziwazi, Yuda akiwapo na Petro akimsikia. Kwa hiyo sioni mahali ambapo kupendana kumemaanisha kujifanya hakuna lililotokea. Unaweza kumpenda Mama N. na bado ukamwambia, umeniumiza na nadai hela yangu.

Kuna wanawake wawili katika Biblia ambao nawafikiria kila ninapopata barua kama yako. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi sura ya 4, anasema: "Namsihi Euodia, namsihi Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Hatuambiwi waligombania nini. Tunachojua ni kwamba walikuwa watenda kazi, wameishindania Injili pamoja na Paulo, na ugomvi wao ulikuwa mkubwa kiasi cha kufika gerezani alikokuwa. Paulo anamsihi mmoja, kisha anamsihi wa pili kwa neno lilelile, bila kusema nani mkosaji. Halafu anamgeukia mtu wa tatu na kumwomba awasaidie wanawake hao. Alijua wenyewe kwa wenyewe wamekwama. Wewe nani anakusaidia? Mwenyekiti amekuhubiria, wanajumuiya wamekutisha. Aliyekuuliza swali la maana ni Mama Z. peke yake, na alikuwa na nguo mbichi mkononi.

Hapo ndipo barua yako iliponishika. Umesema Mama Z. analipwa 20,000 kila mwezi, ukaipita habari hiyo kwa haraka, ukatoa na sababu: Mama N. anategemea Mkristo mwenzake atasamehe tu. Inawezekana. Lakini je, unajua hivyo au unakisia? Naona maelezo mengine yanayowezekana. Pengine Mama Z. alikwenda, akaketi, wakakubaliana kiasi ambacho mwanamke mwenye mume aliyevunjika paja anaweza kukipata. Katika barua yako yote sijaona siku ambayo wewe ulikaa naye. Nimeona simu isiyopokelewa, nikaona ujumbe mbele ya kikoba kizima. Yesu katika Mathayo 18 anaweka mpangilio: kwanza wewe na yeye peke yenu, akikataa uende na mmoja au wawili, mwisho ndiyo uliambie kanisa. Wewe, kwa uchungu ambao nauelewa, ulianzia mwisho. Sikulaumu. Nakuomba tu ufikirie mlango ule uliofungwa siku ya zamu yake. Ninyi mlisoma dharau pale. Inaweza kuwa dharau. Inaweza pia kuwa mtu amekaa ndani gizani na watoto wake, anawasikia mkiimba barazani kwa jirani, na hana uso wa kutokea.

Na jambo jingine ambalo hukuliandika. Mumewe alipolazwa, jumuiya ilifanya nini? Mlikwenda mara ngapi? Mfuko wa jumuiya ulitoa chochote? Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kukazia ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo, shabaha ilikuwa Kanisa lishuke hadi kwenye nyumba za majirani wanaojuana, wanaojua nani anaumwa na nani hajala. Kama mlikwenda na kumsaidia, basi Mama N. ana deni la shukrani hata kwenu wote. Kama hamkwenda, nadhani hesabu ya kushiriki na kutoshiriki ina pande mbili.

Karibu mwaka 197, Tertuliano wa Karthago, katika Tunisia ya leo, aliandika kuwatetea Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi. Anasema wapagani walikuwa wakiwatazama na kusema, "Oneni jinsi wanavyopendana." Wengi tunaijua sentensi hiyo. Wachache wanakumbuka alichokuwa amekieleza muda mfupi kabla yake: anaeleza sanduku. Wakristo wale walikuwa na sanduku la fedha, kila mtu akitia kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, hakuna anayelazimishwa. Fedha ilikwenda kulisha maskini na kuwazika, kulea watoto yatima, kutunza wazee, kuwasaidia waliovunjikiwa na merikebu na waliofungwa migodini na magerezani kwa ajili ya imani. Watu wa nje hawakuwa wakiwasifu kwa sauti nzuri za nyimbo. Waliona fedha inakotoka na inakokwenda. Nakutajia hilo kwa kuwa unaona aibu kwamba mambo ya Mungu yameingiliwa na hela. Yaliingiliwa tangu mwanzo. Jirani yako naye anawatazameni palepale, kwenye hela.

Sasa fomu. Hapa niruhusu nikuulize kwa upole: ingekuwa Mama N. hakudaiwa na mtu, ila ameacha tu kuja jumuiya miezi kadhaa kwa kumuuguza mume, ungesaini? Wewe ndiye unayelijua jibu. Kama ungesaini, basi kinachoizuia fomu ni deni, na deni hilo si la mtoto. Kama usingesaini, kwa sababu ndivyo mlivyofanya kwa familia nyingine zote, basi una hoja ya utaratibu, na hoja hiyo ipelekwe kwa paroko, maana ndiye mwenye neno la mwisho. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 843, inasema wahudumu wasiwanyime sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati ufaao, walioandaliwa vema na wasiozuiwa na sheria. Msichana yule ametimiza mafundisho yake. Fomu ni njia ya kuwajua waamini. Ikigeuka kuwa kabari ya kukamulia deni, hata kama hukukusudia, watu wataiona hivyo, na mtoto ataikumbuka hivyo.

Wanajumuiya wanaoogopa kwamba watu wataacha kuja wana hofu ya kweli, siwabezi. Lakini mtu anayeamka saa 12 kwa kuogopa kunyimwa sahihi, amekuja kufanya nini?

Nakuwekea njia ninazoziona, nawe uzipime.

Unaweza kusaini leo na kunyamaza. Mtoto atapata kipaimara chake na kelele zitatulia. Hatari yake ni kwamba uchungu utabaki palepale, na siku ya sherehe utamwona Mama N. na kitenge chake kanisani, uende nyumbani ukaandike daftarini. Ukisaini, saini ukiwa umejitenganishia mwenyewe moyoni: hili ni la mtoto, lile la mama yake tutalizungumza.

Unaweza kujiweka pembeni. Mwambie mwenyekiti au paroko kwamba una mgogoro binafsi na familia hii, hivyo hustahili kuwa wewe wa kuwathibitisha, na uombe mwingine athibitishe kwa niaba ya ofisi yako. Kuna heshima katika hilo. Ila mtaani litasemwa, na Mama N. anaweza kulisikia kama umemkataa mara ya pili. Kama utaichukua njia hii, alisikie kwako kwanza.

Unaweza kwenda kwake. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana anaweza asifungue mlango, au akufungulie akutukane, au akuahidi asitimize. Mama Z. anaweza kuwa daraja, kama atakubali. Yeye, inavyoonekana, ameshaelewana na nyumba ile. Ukienda, usiende na fomu mkononi. Akiona fomu na deni vimekuja pamoja, atasikia bei. Na ujiandae kwa hesabu yenyewe. Akikupa 20,000 kwa mwezi kama anavyompa Mama Z., deni lako litachukua miezi 39, zaidi ya miaka mitatu. Na kama hana uwezo wa kutoa 40,000 kwa mwezi kwenu wote wawili, Mama Z. naye atalazimika kukubali kupungukiwa ili nawe upate. Mazungumzo ya watu watatu yanaweza kuwa bora kuliko ya wawili.

Njia ya kudai kisheria nayo ipo. Deni la namna hii linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na vikundi vya kifedha vya jamii viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vinasajiliwa na halmashauri, kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuwapatanisha kama kikoba chenu kimesajiliwa. Kuna atakayekusomea 1 Wakorintho 6, kwamba afadhali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Mwambie asome na mstari unaofuata, Paulo anapowakemea wale wanaodhulumu ndugu zao. Lakini ukifika mahakamani urafiki wa miaka 11 hautarudi kwa urahisi, na paja la mtu halitapona haraka kwa hukumu.

Na unaweza kusamehe deni lote. Sikushauri uharakishe. Fedha ile si yako peke yako, ina vyumba viwili vinavyonyeshewa na ina mwanaume anayeuliza. Kumsamehe Mama N. kwa fedha ya mumeo, huku umemficha mumeo, sijui kama hiyo nitaiita zawadi. Mwanangu, hapa ndipo ninapokuhofia zaidi kuliko kwenye fomu. Unamlalamikia Mama N. kwa kukukimbia kwa sababu ya hela ileile inayokufanya wewe umkimbie mumeo. Huenda ndiyo maana hulali. Kama nyumbani ni salama, kama si mtu wa kukupiga, mwambie kabla hajasikia kwa watu. Atakasirika. Huenda atanyamaza siku mbili. Lakini utaijua aibu ya Mama N. kwa ndani, na ukienda kugonga mlango wake utagonga tofauti. Kama si salama, tafuta kwanza mtu mzima anayemheshimu akae nanyi, na uniandikie tena.

Mwisho nina neno juu ya daftari lako. Paulo anasema upendo "hauhesabu mabaya". Hakusema upendo hauhesabu shilingi. Kurasa za marejesho, 2,400,000, tarehe na kiasi, zitunze safi, zitawasaidia wote wawili mkikaa. Zile za salamu za sokoni na kitenge kipya, zisome mara moja uone kama ni za katibu au za rafiki aliyeumia. Nilitafuta kwenye barua yako ukurasa wa wiki tatu za kufuliwa nguo za mtoto. Umeniandikia mimi, daftarini sidhani kama umo.

Bado una siku kadhaa kabla ya Jumapili ya kurudisha fomu. Mtoto akija kuulizia kabla hujaamua, naomba usimwambie tena "iache hapo". Mketishe, mpe maji, mwambie kwamba kuchelewa si kosa lake, na umtajie siku utakayompa jibu.